Kutoka Garsen Hadi London Wakati wa Baridi: Somo la Kupanga Safari ya Kwanza ya Familia

Leo tunajibu swali ambalo linaonekana dogo lakini lina mambo mengi ndani yake: familia ya kule Garsen, ambayo haijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki, inajipangaje kwenda kutembea jiji la baridi, kulipa kila kitu kwa pesa halali, na kurudi nyumbani bila deni?

Tutatumia mfano mmoja mpaka mwisho ili hesabu zisituchanganye. Baba ananunua na kuuza ng'ombe katika soko la mifugo la Garsen. Mama anauza mchele, na msimu ukifika anauza maembe kutoka mashamba ya kando ya Mto Tana. Watoto ni watatu: wa miaka 14, wa 9 na wa 4. Shangazi yao, dada yake Baba, ni muuguzi London. Wapo wauguzi wengi Wakenya huko sasa, hasa tangu Kenya na Uingereza zilipotia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Shangazi amesema, "Njooni mkae kwangu siku kumi, malazi ni juu yangu." Mama kamwambia wifi yake (wifi ya undugu, si ya intaneti) kwamba watakuja Inshallah. Sasa kazi imeanza.

Tarehe kwanza, tiketi baadaye

Shule za Kenya hufunga muhula wa tatu mwishoni mwa Oktoba na kufunguliwa Januari. Hilo ndilo dirisha lenu. Watu wengi wakisikia "London wakati wa Krismasi" wanataka kuwa huko tarehe 25 Desemba, na sisi tunasema hapana. Siku hiyo mabasi na treni za chini ya ardhi za London hazitembei kabisa. Makumbusho makubwa hufungwa kuanzia tarehe 24 hadi 26. Nauli za ndege nazo hupanda wiki hizo kwa sababu kila mtu anasafiri. Mkienda mwisho wa Novemba hadi siku za kwanza za Desemba, taa za barabarani pale Oxford Street zitakuwa tayari zinawaka, baridi itakuwepo ya kutosha, na mtakuwa mmerudi nyumbani kabla ya msongamano.

Ukihesabu kurudi nyuma kutoka hapo, kalenda inajitengeneza yenyewe. Ombi la viza ya kutembelea Uingereza haliwezi kuwasilishwa zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari, na jibu kwa kawaida huchukua kama wiki tatu baada ya kutoa alama za vidole. Kwa hiyo viza ni Septemba. Pasipoti ziwe mkononi kabla ya Juni, maana foleni ya pasipoti ina tabia zake. Na pesa? Pesa ianze kuwekwa mwaka mmoja kabla ya pasipoti. Tumesema mwaka mmoja, hatujakosea kuandika.

Hesabu yenyewe, bila kupaka rangi

Pasipoti ya kawaida ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, na ukiongeza shilingi 50 za eCitizen inakuwa 7,550. Kwa watu watano ni 37,750. Mtoto wa miaka minne hana punguzo hapo.

Viza ya miezi sita ya kutembelea Uingereza iliwekwa pauni 127 kwa kila mtu kuanzia Aprili 2025, na ada hizi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo angalia tovuti ya serikali yao siku unayolipa. Watu watano ni pauni 635. Tukichukulia pauni moja ni shilingi 175, kwa ajili ya hesabu tu, hiyo ni shilingi 111,125. Hapa tusimame kidogo. Pesa hii hairudishwi ukinyimwa viza. Ni kama nauli ya matatu: umepanda, umelipa, gari likiharibikia Minjila hiyo ni bahati yako.

Tiketi za ndege tumeweka 600,000 kwa wote watano, makadirio yetu, na mnaweza kupata chini au juu ya hapo. Safari za ndani ya Kenya tumeweka 80,000, kwa sababu mtakwenda Nairobi mara mbili: mara ya alama za vidole, na mara ya ndege. Nguo za baridi 40,000. Bima ya safari 20,000. Matumizi ya London pauni 70 kwa siku kwa siku kumi, yaani 122,500, mkikumbuka kwamba malazi ni ya Shangazi. Na mwisho, 100,000 za dharura ambazo hazina kazi yoyote isipokuwa kukaa.

Jumla: shilingi 1,111,375.

Tunajua. Ni pesa nyingi. Ni ng'ombe wengi. Ukigawanya kwa miezi 22 ni kama 50,500 kwa mwezi, na ndiyo maana tulisema muanze mapema. Kama kwa kipato chenu kiasi hicho hakiwezekani, kuna njia mbili za heshima: kuongeza miaka, au kupunguza watu. Njia ya tatu, ile ya kukopa kwenye programu tano za mikopo ya simu za siku 30, hatuipendekezi hata kidogo. Mkopo wa mwezi mmoja ni wa kununua magunia ya mchele ukauza wiki ijayo. Haukutengenezwa kulipia safari ambayo haileti faida ya shilingi.

Jambo jingine la hesabu ambalo watu huligundua wakiwa wamechelewa: salio la juu kabisa la akaunti ya pesa za simu nchini Kenya ni shilingi 500,000, kiwango kilichopandishwa Agosti 2023 kutoka 300,000. Safari hii ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Haiwezi kukaa kwenye simu moja, na hata ingeweza, si mahali pake. Simu iwe mlango, benki iwe chumba. Kila Jumatano au siku yoyote mliyokubaliana, hamisha kutoka simu kwenda akaunti ya akiba ambayo haiko wazi kutolewa kwa mbofyo mmoja. Fungua akaunti moja tu kwa safari. Ukichanganya pesa ya safari na pesa ya duka, pesa ya safari ndiyo itakayoliwa, siku zote.

Ng'ombe hawana stetimenti

Sasa tumefika kwenye sehemu ambayo tungependa uisome mara mbili.

Ofisa anayepitia ombi la viza hakujui. Hajawahi kuona Garsen, hajui Idsowe iko wapi, na hawezi kuhesabu ng'ombe walioko malishoni. Anatafuta majibu ya maswali machache: unaenda kufanya nini, nani analipa, na kitu gani kitakurudisha nyumbani. Mfanyakazi wa ofisi humjibu kwa barua ya mwajiri na stetimenti za mshahara. Mfugaji na mfanyabiashara wa mazao humjibu kwa nini? Mali yake inatembea kwa miguu minne, na biashara yake mara nyingi ni ya noti mkononi chini ya mti.

Ndipo watu hufanya jambo ambalo linawaangusha. Wiki mbili kabla ya kuomba viza, Baba anauza madume kumi kwa mkupuo, anaweka laki saba benki, anachapisha stetimenti na kuipeleka. Kwa macho ya Baba, pesa ni yake na ushahidi upo. Kwa macho ya ofisa, hii ni akaunti iliyokuwa na shilingi elfu mbili mwaka mzima, halafu ghafla ikajaa, bila maelezo. Huenda pesa imeazimwa kwa jirani ipigwe picha kisha irudishwe. Ombi linakataliwa, na zile pauni 635 zimekwenda.

Dawa yake si ujanja. Dawa ni kufanya biashara yako ionekane kwenye karatasi, pole pole, kwa muda mrefu. Mnunuzi akija na pesa taslimu, mwombe alipe kwa simu, kwenye nambari ya till ya biashara na si kwenye laini yako ya kawaida inayopokea pia michango ya harusi. Ukiuza ng'ombe, hifadhi risiti ya ushuru wa soko la kaunti na kibali cha kusafirisha mifugo. Vipige picha siku hiyo hiyo kwa sababu karatasi na jasho la Garsen havipatani. Mama naye asiuze maembe yote kwa wachuuzi wa lori kwa noti. Nusu ya malipo yakipita kwenye simu, miezi kumi na miwili baadaye kuna hadithi inayosomeka: Januari na Februari pesa inaingia kwa wingi, ni msimu, Mei imepungua, ni mafuriko au barabara, Agosti inapanda tena. Ofisa akiona mawimbi hayo anaelewa kuwa hii ni biashara inayoishi. Stetimenti ya pesa za simu unaweza kuiomba mwenyewe kwenye programu, ikaja kwa barua pepe kama faili ya PDF. Omba ya miezi kumi na miwili.

Barua fupi ya maelezo nayo husaidia. Andika kwa Kiingereza rahisi: mimi ni mfanyabiashara wa mifugo, nilianza mwaka fulani, kiasi hiki kilichoingia tarehe fulani ni mauzo ya madume manne, risiti imeambatishwa. Karatasi yoyote iliyo kwa Kiswahili iandamane na tafsiri.

Kitu kingine ambacho wafugaji wetu wanakijua kuliko sisi tuliosomea mauzo: usiuze mitamba. Kati ya mwisho wa 2020 na 2022 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na kila mtu wa Tana River anamfahamu mtu aliyebaki na fimbo tu. Safari ilipiwe na madume na faida, kwa awamu, wakati wanyama wana nyama mwilini na bei. Ukingoja kiangazi kikali ndipo uuze, utalipia kiti kimoja cha ndege kwa ng'ombe ambao mwezi wa nane wangelipia viwili. Na kama ili kufikisha ile milioni moja na laki moja inabidi uguse mitamba, basi kwa maoni yetu safari isubiri mwaka. Shangazi atakuwepo.

Kuomba viza bila kuliwa pesa

Kila mtu ana ombi lake, hata yule wa miaka minne. Ombi linajazwa kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, ile inayoishia gov.uk, na ada inalipwa hapo hapo kwa kadi. Kisha mnakwenda Nairobi, kwenye kituo cha maombi kinachoendeshwa na VFS Global, kutoa alama za vidole na picha. Watoto wawe na vyeti vya kuzaliwa. Shangazi aandike barua ya mwaliko: yeye ni nani, anafanya kazi wapi, mtakaa kwake siku ngapi, na kama kuna gharama anazobeba azitaje wazi.

Usinunue tiketi za ndege kabla ya viza. Kuna imani mitaani kwamba tiketi iliyolipwa inamshawishi ofisa. Mwongozo wa serikali ya Uingereza wenyewe unazitaja tiketi za ndege na nafasi za hoteli kati ya karatasi zisizosaidia sana, pamoja na picha za kifamilia na vyeti vya umiliki wa gari. Laki sita isimame kwanza benki.

Kadi ya kulipia utaipata wapi kama huna ya benki? Kwenye pesa za simu kuna kadi pepe, yaani nambari za kadi zisizo na plastiki, unazowekea pesa kutoka kwa salio lako. Weka kiasi cha malipo ya siku hiyo tu pamoja na nafasi kidogo ya tofauti ya kubadilisha fedha. Kwa maombi matano, lipa moja moja, ngoja risiti ya barua pepe ndipo uende la pili. Tumeona watu wakibofya mara mbili kwa haraka na kubaki wakifukuzana na marejesho kwa wiki.

Na sasa matapeli. Mtu yeyote anayejiita ajenti akikuambia "viza ni guaranteed, nitumie elfu hamsini kwa namba hii", huyo si ajenti. Hakuna mtu nje ya ofisi ya viza anayeweza kuhakikisha viza. Malipo ya pasipoti na huduma zote za serikali ya Kenya yanapita Paybill moja, 222222, baada ya wewe mwenyewe kutengenezewa nambari ya malipo kwenye eCitizen. Ukipewa namba ya mtu binafsi, hata kama jina linalotokea linafanana na la ofisa, weka simu mfukoni. Kijana wa cyber akusaidie kujaza fomu, sawa, mlipe haki yake. Lakini barua pepe iwe yako, nywila iwe yako, na usimwachie nambari za kadi kwenye kompyuta yake.

Baridi: jokofu la soda

Mtoto wa Garsen amezoea nyuzi 30 na zaidi. Umueleze vipi London ya Desemba? Sisi tumepata njia moja: jokofu la soda dukani lina nyuzi nne au tano hivi. Mchana wa London wakati huo ni jokofu hilo, likiwa limefunguliwa kidogo, na mtu anakumwagia maji membamba kwa juu. Theluji msiitegemee, miaka mingi Desemba ya London ni mvua na upepo tu. Waambieni watoto mapema, wasije wakalia.

Nguo zinunuliwe kwa matabaka: fulana ya kubana mwili, sweta, kisha koti lisilopitisha upepo na maji. Makoti mazito yapo kwa wingi kwenye mitumba ya Kongowea na Gikomba, na huuzwa bei ya kawaida kwa sababu wachache huku wanayahitaji. Viatu ndivyo vya kutumia pesa. Ndara na raba za kitambaa zitakutesa siku ya kwanza. Glovu, kofia na soksi nzito mnunue huko huko, ni rahisi. Mafuta ya kujipaka yawe mengi, midomo hupasuka.

Kitu kinachowashangaza watu kuliko baridi ni giza. Huku jua linatua karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. London mwanzoni mwa Desemba linatua kabla ya saa kumi alasiri, na asubuhi linachomoza karibu saa mbili. Mchana ni wa saa nane hivi. Kwa familia inayoswali, Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinabanana ndani ya saa nne tu, kwa hiyo pangeni matembezi kuzizunguka. Msikiti wa East London uko Whitechapel, mtaa ambao pia una vyakula vya halali kila hatua. Saa za London ziko nyuma yetu kwa tatu. Watoto watalala saa kumi na mbili jioni na kuamka saa kumi alfajiri siku mbili za kwanza. Msipange chochote cha kulipia siku hizo.

Habari njema kwa mfuko: vitu bora vya London ni bure. British Museum, Natural History Museum yenye mifupa ya dainosari, na Science Museum iliyo karibu nayo havina kiingilio kwa maonyesho yao ya kudumu. Ndani kuna joto. Siku tatu za watoto zimekwisha hapo bila pauni ya tiketi.

Kulipa ukiwa huko

Mabasi ya London hayapokei pesa taslimu tangu Julai 2014. Ukipanda na noti dereva atakutazama tu. Unagusisha kadi, au kadi ya usafiri iitwayo Oyster. Kadi pepe ya simu haina kipande cha kugusisha, kwa hiyo kwa usafiri tegemea kadi ya plastiki ya benki au nunua Oyster kwenye mashine pale Heathrow. Kila mtu mzima awe na yake. Kadi moja haigusishwi kwa watu wawili. Watoto wa chini ya miaka 11 hupanda treni za chini ya ardhi bure wakiwa na mtu mzima aliyelipa, hadi watoto wanne. Yule wa miaka 14 mwombeni mhudumu wa kituo amwekee punguzo la wageni vijana kwenye Oyster yake, ni nusu nauli kwa siku 14. Ni ombi la dakika mbili, na wengi hawalijui.

Mashine ya kulipia dukani ikitambua kadi ya Kenya inaweza kukuuliza: ulipe kwa shilingi au kwa pauni? Shilingi inavutia kwa sababu unaielewa. Chagua pauni. Ukichagua shilingi, anayebadilisha fedha ni kampuni ya ile mashine, kwa bei anayoitaka yeye.

Bima tumeiweka kwenye hesabu na msiikate. Hospitali za serikali za Uingereza hutibu dharura kwenye idara ya dharura bila malipo hata kwa mgeni, lakini mgonjwa akilazwa, mgeni hutozwa asilimia 150 ya gharama yao. Mtoto wa miaka minne na baridi ya kwanza maishani mwake... tunaiacha hapo.

Na mabegi. Najua Shangazi ameomba samli na nyirinyiri. Nyama na bidhaa za maziwa kutoka nchi kama Kenya haziruhusiwi kuingia Uingereza kwenye mzigo wa abiria, hata kidogo cha zawadi. Mpelekeeni leso na viungo vikavu. Kisha sikilizeni hili: miraa ni dawa haramu Uingereza tangu Juni 2014. Jirani akija usiku wa kuondoka na kifurushi kilichofungwa vizuri, "mpe tu kijana wangu pale uwanjani", jibu ni samahani, hata kama ni mzee wa heshima. Mmelipa zaidi ya milioni kufika pale.

Laini ya nyumbani

Siku kumi Baba hayupo, lakini soko la Garsen halifungwi. Makosa ya kawaida ni kumwachia mpwa simu na PIN. Tunaelewa ni kijana mwaminifu. Lakini PIN moja inafungua kila kitu, pamoja na akiba, na mkopo ukichukuliwa ni kwa jina la Baba. Badala yake, ongeza mpwa kama mhudumu kwenye nambari ya till: ataona malipo yakiingia, atamwachilia mnunuzi ng'ombe wake, lakini hataweza kutoa pesa yote. Fanyeni majaribio mwezi mzima kabla ya safari, si siku ya kuondoka.

Laini ya Baba aende nayo, ikiwa imewashiwa huduma ya kufanya kazi nje ya nchi kabla ya kupanda ndege. Sababu ni moja: ujumbe wa nambari za siri za kuthibitisha malipo ya kadi unakuja kwenye laini hiyo. Ukiwa London laini imezimika, kadi yako haina kazi. Kupiga simu tumieni intaneti ya Shangazi.

Barabara kabla ya ndege

Jambo la mwisho linaihusu Tana yenyewe. Novemba ni vuli. Mwaka 2023 mvua za El Niño zilikata barabara ya Garissa pale Mororo, na mwaka uliofuata, Aprili na Mei, maji yakarudi hapo hapo. Anayetoka Garsen kwenda Nairobi kupitia Hola na Garissa anapita kwenye huruma ya mto. Njia ya Malindi hadi Mombasa, kisha treni ya SGR, ni ndefu lakini ina nafuu zaidi mto ukifura, ingawa nayo si ya kuiapia. Ondokeni siku tatu kabla ya ndege, si usiku mmoja. Ndiyo, ni siku mbili za malazi Nairobi kwa watu watano, na zimo kwenye zile 80,000.

Mkirudi, zile 100,000 za dharura kama hazikuguswa zirudi kwenye akaunti ya biashara siku hiyo hiyo, kabla ya wageni wa kuja kuwapa pole ya safari. Noti za pauni zilizobaki badilisheni Nairobi au Mombasa. Sarafu za pauni maduka ya kubadilisha fedha kwa kawaida hayazipokei, kwa hiyo zitumieni zote Heathrow, au wape watoto wakazionyeshe shuleni Januari.